Mabonde hayajakaa bure

Ndugu Mhariri, naomba kanafasi nimjibu yule msomaji wa wiki iliyopita aliyesema mabonde yote huku Kagera yakaushwe tulime maana yamekaa bure. Bure wapi bwana.

Mimi 2004 nilikuwa Kigali nauza mitumba, saluni ya jirani walirudia kunyoa kwa mkasi maana umeme ulikuwa wa kubahatisha. Kumbe chanzo kimojawapo kiko kaskazini mwa Rwanda huko, bonde la majimaji la Rugezi, hekta zaidi ya 6,000, watu walikuwa wametoboa mitaro kutoa maji wapate mashamba, na maji ya Rugezi ndo yanaingia ziwa Burera, ya Burera yanashuka kama mita 100 kwenda ziwa Ruhondo yakizungusha mtambo wa umeme wa Ntaruka, sasa ziwa limeshuka mtambo utazunguka na nini? Mvua nayo ilikuwa haba na mitambo haikutunzwa vizuri, sikatai, ila serikali ikabidi ikodi majenereta ya dizeli na gharama zake mnazijua.

Ule weusi wa bondeni sio udongo wa kawaida, ni majani na mizizi iliyolundikana majini miaka na miaka bila kuoza, Wanyarwanda wanaita nyiramugengeri. Ukitoa maji inaingia hewa, inaanza kuoza, kaboni inapanda juu na ardhi inashuka chini. Kwetu baba mdogo alichimba mtaro, mwaka wa kwanza kabichi kama ndoo, mwaka wa nne vumbi jeusi tupu, na nguzo ya uzio iliyokuwa inanifika gotini sasa inanifika kiunoni, na mti mkavu hauoti. Kiangazi kimoja mtu akachoma majani, moto ukazama chini, wiki mbili moshi unatoka ardhini, unamwaga maji hapa unafukia, asubuhi unauona kule.

Rugezi waliwatoa wakulima, wakapiga marufuku kukausha, wakapanda mianzi na majani pembezoni, 2005 bonde likaingia kwenye orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhi oevu muhimu, ziwa likapanda na Ntaruka ikapumua. Waliotolewa waliumia, hilo huwa halisemwi sana. (Na Rwanda hiyohiyo inachimba nyiramugengeri kwingine na kuichoma kwenye mtambo wa umeme kule Gisagara, sijui nicheke au nilie.) Maji ya Rugezi yanapita mito ya Mukungwa na Nyabarongo, mwisho ndo haya ya mto Kagera tunayoyavuka pale Kyaka, kwa hiyo sio habari za majirani tu.

Mwaka jana baba mdogo alikubali tuuzibe ule mtaro kwa magunia ya udongo, mafunjo yameanza kurudi, yananifika kifuani. Ila kila nikienda kumsalimia ananiuliza kabichi zake atalipwa na nani, na mimi naishia kunywa chai kimya, wahusika wamjibu mzee kabla hawajaanza kumsikiliza huyo msomaji wenu.

Msomaji wako, Misenyi