Tulipe fundi apime, sio abadilishe spea

Mhariri,

Salamu kutoka Malindi. Naandika kuhusu zile taa za dashibodi zinazowaka halafu zinazimika zenyewe, ile ya ABS, ile yenye picha ya gari linaloteleza, na ile nyekundu ya breki. Huku kwetu madereva tumezizoea mpaka tunaona ni sehemu ya gari, mafundi nao wanazitibu kwa kukisia, na naamini sisi wenye magari ndio tunaowafanya wakisie. Hilo la mwisho ndilo limenifanya nishike simu niandike.

Mie nabeba abiria kati ya Malindi na Marereni, yaani Sabaki, Mambrui, Gongoni, kwenda na kurudi kila siku. Anayeijua njia hiyo anajua mashamba ya chumvi yalivyo karibu, na kusi likivuma hewa yenyewe unailamba mdomoni. Gari ni Toyota ya mtumba ya viti saba. Masika yalipoanza taa ya ABS na ya kuteleza zikawa zinawaka pamoja nikikata kona kubwa kulia, nikizima gari na kuwasha tena zimepotea, siku mbili tatu kimya, halafu hizo tena. Mama mmoja mtu mzima aliyekaa mbele akaniuliza, "Mwanangu, hiyo taa ni ya nini?" Nikamwambia ni waya tu mama, usijali. Nilisema vile bila kujua, na mpaka leo jibu lile linaniuma.

Maana wiki hiyo hiyo usiku, mvua inanyesha, karibu na Mambrui mbuzi wakakatiza barabara. Nilikanyaga breki magurudumu yakafunga, gari ikateleza kama iko kwenye sabuni, usukani nauzungusha haisikii. Mungu alitunusuru tukasimama kwenye mchanga. Ndipo nikaelewa ile taa ilikuwa inaniambia nini. ABS kazi yake ni kuachia na kukaza breki haraka haraka ili gurudumu lisifunge na usukani uendelee kukusikia. Taa yake ikiwa inawaka, breki ya kawaida unayo lakini huo msaada huna, na ule mfumo wa kuzuia gari kuteleza unazimika nao kwa sababu yote miwili inategemea sensa (vifaa vya kupima mwendo) zile zile nne za magurudumu. Kwa hivyo taa mbili tatu zikiwaka kwa pamoja sio lazima vitu vitatu vimeharibika, mara nyingi ni kimoja.

Nikaanza kuzunguka kwa mafundi. Wa kwanza alichomeka kimashine chake cha bluetooth, kikasema gari haina shida, akanitoza elfu moja. Sikujua wakati ule kwamba vimashine vingi vya bei rahisi vinasoma injini peke yake, kompyuta ya ABS havifiki kabisa. Wa pili alikuwa na mashine ya maana, ikaonyesha namba ya kosa la gurudumu la mbele kushoto, akafuta hiyo namba akaniambia tayari. Baada ya siku mbili taa zikarudi. Nikarudi kwake akabadilisha sensa, ya dukani, wiki moja zikarudi. Wa tatu akasema ni pampu ya ABS imekufa, nilete elfu thelathini na tano atafute ya mtumba. Wa nne, huyu ndiye alinitisha, akasema kwa mia tano anafungua dashibodi anatoa glopu na sitasumbuliwa tena. Ndugu zangu mnaonunua magari, shikeni hili: ukiwasha swichi kabla ya kupiga stata, taa ya ABS lazima iwake sekunde chache kisha izime. Kama haiwaki kabisa, uliza kwa nini, huenda mtu ameitoa.

Aliyenisaidia ni fundi mmoja wa waya, gereji yake ni mti na benchi. Hakugusa spana kwanza. Aliniuliza maswali kama daktari: zinawaka ukikata kulia au kushoto, gari ikiwa imelowa au hata kavu, asubuhi ya kwanza au ikishapata moto, ukipita matuta au hata kwenye lami, na je kuna kazi yoyote ilifanywa kwenye gari kabla hazijaanza. Hilo la mwisho hakuna aliyekuwa ameniuliza. Nikakumbuka nilibadilisha shokabsoba za mbele kama mwezi mmoja kabla.

Akapima betri, gari ikiwa imezimwa volti 12.6, ikinguruma 14 na kitu, akasema umeme sawa, maana betri chovu au ethi (waya unaounga betri na bodi ya gari) iliyoota kutu inaweza kuwasha taa hizi zote bila breki kuwa na kosa lolote. Halafu akachomeka mashine yake, sio kusoma namba tu, akafungua pale panapoonyesha mwendo wa kila gurudumu, tukatoka kwenda pole pole. Magurudumu matatu yanaonyesha 30, la mbele kushoto nalo linaonyesha 30, nikikata kulia linaanguka sifuri nusu sekunde halafu linarudi 30. Akatabasamu. Tukarudi, akapandisha gari kwa jeki, akaweka mita ya kupimia umeme kwenye waya wa sensa akaanza kuutingisha kidogo kidogo kutoka kwenye gurudumu kwenda juu. Ulipofika kwenye shokabsoba, mita ikaruka. Kibano cha kushikilia waya hakikurudishwa siku ile ya kubadilisha shokabsoba, kwa hivyo kila nikikata kona waya ulikuwa unavutwa, ngozi ikapasuka, chumvi ikaingia, ndani shaba imegeuka kijani na nyuzi zimebaki chache. Sensa mpya niliyonunua haikuwa na haja, na pampu ilikuwa nzima kabisa. Akakata kipande kibovu, akaunga kwa viungio vya kubana na mrija unaokaza kwa moto, akasema pale panapojikunja hachomei lehemu kwa sababu inakakamaza waya na utakatika tena pembeni. Akafunga kibano kipya. Kazi yote ilichukua saa moja na nusu.

Aliniambia neno ambalo nataka mafundi wote wa pwani walisikie: namba ya mashine inakuonyesha mtaa, nyumba uitafute mwenyewe. Ikisema mbele kushoto, inaweza kuwa sensa, waya, soketi, au beringi. Kwenye magari mengi ya sasa sumaku ambazo sensa inazisoma ziko kwenye sili ya beringi yenyewe, ukiipachika kinyume sensa haioni kitu, ikishika vumbi la chuma inasoma ovyo. Na hapa kwetu kuna hii ya kutu, inaota chini ya sensa inaisukuma mbali, nafasi ambayo inatakiwa iwe kama milimita moja inazidi. Kusafisha tu kunatosha hapo, huhitaji spea.

Kwa wenye Toyota nyingi za miaka ya 2000 kuna njia hata bila mashine. Kwenye soketi ya pini 16 chini ya usukani unaunganisha pini ya 4 na ya 13 kwa kipande cha waya, unawasha swichi bila kupiga stata, taa ya ABS inaanza kupepesa namba. 31 ni mbele kulia, 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Ila hesabu pini vizuri sana, ya 16 ina umeme wa betri moja kwa moja, ukikosea unaunguza.

Taa nyekundu ni habari nyingine, msiichanganye na hizi. Kwanza hakikisha handibreki imeshuka yote. Kama inapepesa ukikata kona au ukipanda kilima, angalia kikombe cha mafuta ya breki, yakiwa chini boya la ndani linacheza na kuwasha taa. Na yakiwa chini usiongeze tu ukaondoka, yamekwenda wapi? Ama pedi zimekwisha ama kuna mahali panavuja, vua magurudumu uangalie. Mafuta hayo pia yananyonya maji ya hewani, DOT 3 (aina moja ya mafuta ya breki) mpya inachemka kwenye nyuzi 205 lakini ikishashika maji inashuka mpaka karibu 140, kwa unyevu wa huku kwetu miaka miwili ni mingi, badilisha. Nyekundu na ya ABS zikiwaka pamoja, paki gari. Hapo hata ule mgao wa breki kati ya mbele na nyuma unaweza kuwa umepotea, na magurudumu ya nyuma yakifunga kwanza gari inageuka.

Sasa turudi kwenye lile la kukisia. Yule fundi alipomaliza aliniambia elfu mbili na mia tano, na wallahi nilitaka kubishana, nikamwambia si umeunga waya tu. Akanijibu wateja wote husema hivyo, ndiyo maana wenzake wanauza spea, maana spea mteja anaiona kwa macho anailipia bila kelele, lakini saa nzima ya kupima anaona fundi alikuwa anacheza. Nilinyamaza. Nilikuwa nimeshatoa zaidi ya elfu tisa kwa waliokisia, na huyu aliyejua ndiye naombea punguzo. Nikamlipa yote.

Kwa hivyo ombi langu ni kwa wenye magari wenzangu kwanza, tukifika gereji tuseme wazi kupima ni bei gani na tulipe hata kama hakuna kilichobadilishwa. Kwa mafundi, kibano mlichokifungua kirudisheni, hata kiwe kidogo vipi. Na vyuo vya ufundi vya kaunti, watoto wetu wafundishwe kushika mita kabla ya kushika spana, magari yanayoingia siku hizi yamejaa waya na chumvi yetu haitapungua.

Gari yangu sasa ina miezi saba bila taa. Jana nikiosha chini nimeona waya wa nyuma kulia ngozi yake imeanza kupasuka, taa bado haijawaka, Jumamosi naipeleka chini ya ule mti.

Dereva wa Malindi–Marereni,
Malindi