Mbu ndani ya debe

Kwako shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, ila mvua imetufungia ndani siku ya tatu.

Ile sauti niliyokutumia ukaiita "mbu ndani ya debe." Nilicheka, kisha ikanichoma. Yule ni Luisa Tetrazzini, mwimbaji wa opera, mzaliwa wa Florence, na wa kulaumiwa ni debe. Zama zile kurekodi hakukuwa na maikrofoni. Mtu aliimba mbele ya pembe kubwa, sauti ikatikisa sindano, sindano ikachora kwenye nta. Upande mmoja wa sahani ya santuri ulibeba kama dakika nne. Akikosea, nta hiyo haifai tena, aanze upya. Noti za juu zikija kwa nguvu mno zilichafua mchoro, basi waimbaji walirudi nyuma kila walipopanda. Hebu sikiliza tena. Zile noti zinamtoka kama shanga zilizokatika uzi, na hapo ujue kuna nyingine pembe haikuzidaka.

Alianza jukwaani 1890, lakini London ilimjua Novemba 1907, alipoimba kama Violetta, mhusika mkuu wa opera La Traviata, pale jumba la opera la Covent Garden akiwa na miaka 36. Kampuni ya Gramophone haikumwacha akapoa. Ndio wale wa chapa ya mbwa, chapa iliyokuja kuwa kwenye sahani za Siti wetu binti Saad, alizorekodi Bombay 1928. Ukimsikiliza Siti mbona husemi mbu?

Sasa sikia hili. Mwaka 1910 Tetrazzini aligombana na Hammerstein, tajiri wake wa New York, kuhusu mkataba. Akasema ataimba barabarani San Francisco, kwa kuwa barabara hazina mwenyewe. Na kweli, mkesha wa Krismasi akapanda jukwaa la mtaani karibu na chemchemi ya Lotta, akaimba bure mbele ya watu wanaokadiriwa kuzidi laki mbili, bila kipaza sauti. Mbu gani huyo, Zuhura?

Uzeeni fedha zilimwishia, ndoa ya mwisho ikafika mahakamani. Alifariki Milan 1940.

Kilichonikalisha kitako ni filamu yake fupi ya 1932. Bibi wa watu, mnene, kaketi kando ya gramafoni akimsikiliza Caruso, mwimbaji mwenzake na rafiki yake aliyekufa 1921. Mara anafungua kinywa, anaimba naye.

Nimekutumia hiyo pia. Itazame watoto wakishalala, kisha unipigie. Nisalimie mama.

Wako,
Mwanaidi