Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa kaunti yetu: mashine ninayo, vijiti sina

Mheshimiwa Waziri,

KUH: VIJITI VYA KUPIMIA SUKARI

Natumai u mzima wewe na jamaa zako. Nisingekusumbua hadharani kama zile barua mbili nilizopitisha kwa afisa wetu wa wadi zingejibiwa, wala kama ya Alhamisi usiku yasingenikuta.

Tarehe 25 Septemba 2023 Rais alituzindua Uhuru Park, wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000. Mimi sikufika Nairobi. Mkoba wangu nilikabidhiwa na wewe mwenyewe, uwanja wa shule, ukanishika mkono tukapigwa picha. Ulisema mkoba ule ni zahanati inayotembea. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha.

Alhamisi, saa tano usiku, nikabishiwa hodi na binti wa mzee jirani yangu. Mzee ana kisukari, ni mtu wa vidonge miaka mingi. Nilimkuta ameketi kitandani, fulana imelowa jasho chapachapa, mikono inamtetemeka, ananiita kwa jina la marehemu mkewe. Nikafungua mkoba. Mashine ya presha, ipo. Utepe wa kupima mikono ya watoto, upo. Mashine ya sukari, ipo, inang'aa kama siku uliyonipa. Vijiti vya kuwekea tone la damu ili isome, hakuna. Cha mwisho nilikitumia mwezi wa tatu.

Binti alikuwa anamulika kwa simu. Akamulika ndani ya mkoba, kisha akanimulika mimi usoni. "Sasa mama, umebeba nini humu?"

Ni sukari imepanda au imeshuka? Nilikisia imeshuka. Kwa kuwa alikuwa bado anaweza kumeza, nikamkorogea sukari kwenye maji, vijiko vitatu, huku moyo unanienda mbio. Baada ya kama robo saa akaniita kwa jina langu. Tukampakia boda, yeye katikati, binti nyuma akimshikilia, mpaka hospitali. Nauli shilingi 600 ilitoka mfukoni mwangu. Wewe wajua mfuko huo unavyojazwa: 2,500 za serikali kuu na 2,500 zenu kila mwezi. Hizo zenu nilizipokea mwisho Februari.

Lakini sikuandika kudai hela. (Ukizituma sitazirudisha.)

Nilianza kazi hii 2011, kwa daftari na kalamu, bila senti. Nyumba 108 nazijua kwa milango yake: nani mjamzito, nani kaacha dawa za kifua kikuu, mtoto gani utepe ulisoma nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Nilipowaambia watu sijui, walikuwa hawanilaumu, maana sikuwa na kitu. Siku hizi nina mkoba. Nikisema sijui, naonekana mwongo au mwizi. Kuna mama kanitangaza kisimani kwamba vijiti nauza dukani.

Hata simu mliyonipa inanidai. Nikifika kwa mgonjwa wa sukari, programu yaniuliza kipimo ni ngapi. Niandike nini, Mheshimiwa? Naacha wazi, kisha nanunua bando kwa pesa yangu ili hayo mapengo yawafikie. Sijui huko ofisini mnayasoma vipi. Pengine mnadhani kijiji changu kimepona kisukari.

Wengine wanasema vijiti vimejaa stoo, gari ndilo halina mafuta. Wengine wanasema mashine hizi hazikubali ila vijiti vya kampuni yake, na zabuni imekwama. Afisa wa wadi anasema "vinakuja", na ameshalisema hilo tangu mvua za masika. Oktoba 2023 ilitiwa saini Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi, nasi tukatajwa humo. Tulifurahi. Sheria haichomekwi kwenye mashine.

Nilikuwa nimepanga kukuandikia pia habari za dawa za kuhara, za viatu vya mvua, na za wenzangu wawili walioacha kazi wakaenda kuuza samaki. Nayaacha. Nipe vijiti tu. Kopo moja la vijiti hamsini. Wagonjwa wangu wa sukari ni tisa, nitavigawa kwa hesabu, na kila kijiti kilichotumika nitakuandikia jina la mlango.

Mzee karudi nyumbani Jumamosi. Usiku nalala na simu mkononi.

Wako mtiifu,
Mhudumu wa afya ya jamii, yule wa kwenye picha, upande wako wa kushoto