Yaya, ile foto uliyotia mu grupe ya familia

Yaya,

Nasikia binti yako ako na mimba ya mapasa na tansiyo imeanza kupanda. Uliambia mama, mimi hukuniambia, sawa, lakini niko mujomba yake, nitasema tu.

Asingoje uchungu umukamatie nyumbani. Wakiona watoto watatoka mbele ya wiki 34, kuna sindano wanachomaka mama, inasaidia mapafu ya mutoto kukomaa angali ndani. Bibi yangu, mama ya mutoto wetu, alipata ya kwanza tu, zingine hazikufika, wakamupasua usiku ule. Wiki 30, grama 1300. Siku ya ine ameshuka mpaka 1180, nikalia mu koridori mpaka mama mumoja muuguzi akaniambia wote wanashukaka kwanza, enda unawe mikono uje ubebe mutoto wako.

Kuveze, ile sanduku ya kupasha watoto moto, ilikuwa moja na watoto watatu wanaingoja, bibi yangu hajaamka vizuri. Basi nikatoa shati. Wakamulaza kifuani, kofia, soksi, pampers iliyokunjwa mara mbili na bado inamufika kwapani, kichwa upande pua iwe wazi, wakatufunga na kile kitenge cha kijani ulinunulia bibi yangu pale Birere. Hiyo ndiyo kanguru yaya, haiko mambo ya kukosa makuta, waliianza Bogotá 1978 juu watoto walikuwa wanalala wawili-wawili mu kuveze moja, na leo OMS yenyewe, shirika la afya la dunia, inasema masaa 8 mpaka 24 kila siku. Bukavu na baridi yake, unadhani grama 1180 ingejipasha moto na nini?

Njo ukaingia, umetoka na bato ya Goma, ndizi mukononi. Ukacheka. Ukapiga foto ukaandika "kaka yetu amezaa" ukatuma, watu wakacheka mpaka wale wa Kisangani. Uzito wa mutoto hukuuliza.

Angalia hiyo foto vizuri. Mukono wangu wa kuume uko ndani ya kitenge, ulifikiri ninajikuna. Nilikuwa ninamusugua unyayo juu alikuwa ameacha kupumua, wanafanyaka vile wakizaliwa mbele ya wakati, wanasahau. Nilikuwa ninahesabu. Wewe unasema "cheka kidogo bwana".

Ndizi zilikuwa tamu, nilikula zote usiku, sikatai.

Ku dote, ile siku ya mahari ya binti yako, sikufika. Niliambia watu juu ya fakitire ya hospitali, na kweli ilikuwepo, lakini makuta ya bato nilikuwa nayo. Ungefanya nini wewe? Na harusi nilituma kitu, muulize mama.

Sasa mume wake ajifunze kutoa shati mapema, mapasa wanachokesha kifua kimoja. Na usiingie na simu.

Wetu ana miaka ine, juzi aliona ile foto kwa simu ya mama yake akauliza kofia yake iko wapi. Iko mu sanduku. Nitaituma na bato ya Alhamisi, bibi yangu anashona ya pili.