Tazama chini ya gari kabla ya kulipia

Kwa Mhariri,

Katika yadi za hapa Nakuru, gari lolote lililoinuka kidogo huitwa 4WD, yaani linalovuta kwa magurudumu yote manne, na mnunuzi huongezwa bei papo hapo. Wanaotafuta gari la familia la kupanda Molo au Olenguruone wakati wa masika wanahitaji kujua wanacholipia.

Nissan X-Trail, Toyota Harrier na Honda Vezel ziliuzwa Japani kwa namna mbili, zinazovuta kwa magurudumu ya mbele tu na zinazovuta kwa yote manne. Ukizitazama kwa nje ni pacha. Soma namba ya chesisi: X-Trail ya NT32 huvuta kwa yote manne, ya T32 haifanyi hivyo. Harrier ya petroli ya lita mbili iliyotoka kabla ya 2020 ni ZSU65, si ZSU60. Vezel isiyo haibridi ya kabla ya 2021 ni RU2, si RU1. Halafu chuchumaa nyuma uchungulie. Usipoona difu, lile bonge la gia lililo katikati ya magurudumu ya nyuma, na propela, yaani mtaimbo unaotoka mbele kuifikia, umeuziwa kimo tu. Haibridi ya Harrier, AVU65, ndiyo ya kipekee hapa: nyuma husukumwa na mota ya umeme, hivyo haina propela. Subaru Forester haina fumbo hili, zote huvuta kwa magurudumu manne.

Kwenye majaribio, tafuta uwanja wa lami, kata usukani hadi mwisho na uzunguke polepole. Gari likijikaza na kurukaruka kana kwamba breki imeshika, klachi inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma haiachii. Mlio wa ka-ka-ka upande wa nje ni CV jointi, kiungo kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu, iliyochoka. Hiyo ni nafuu; klachi si nafuu.

Lakini panapoumiza familia nyingi ni tairi. Moja ikipasuka, mtu hununua moja mpya na kuendelea na safari. Tairi mpya huwa na meno ya kina cha milimita 8 hivi. Zile tatu za zamani pengine zimebaki na 3. Kila milimita moja ya meno hubadilisha mzingo wa tairi kwa milimita 6 na ushee, kwa hivyo hapo tofauti ni zaidi ya milimita 30, ilhali Subaru hutaka isizidi 6. Tairi ndogo huzunguka mara nyingi zaidi, na gari huliona hilo kama utelezi usiokwisha hata kwenye lami kavu ya kwenda Eldoret. Klachi hufanya kazi mfululizo, mafuta yanachemka, na mwishowe inaungua. Utepe wa fundi cherehani unatosha kupima mzingo. Soma pia maandishi ya tairi zote nne pale yadini, maana huko kuchanganya aina ni jambo la kawaida. Zikitofautiana, bei ya seti nzima iondolewe kwenye bei ya gari.

Difu ya nyuma ya Forester huchukua mafuta yasiyofika hata lita moja, 75W-90 ya GL-5 (uzito na daraja yaliyoandikwa kwenye kopo), na bado wengi hawayabadilishi kamwe. Fundi akifungua nati ya kumwagia, uji mweusi laini si tatizo. Vipande vya chuma ni sababu ya kuachana na gari hilo. Giaboksi ya CVT, ile otomatiki isiyobadilisha gia kwa hatua, iwekewe mafuta yaliyotajwa na mtengenezaji, si ATF, yaani mafuta ya giaboksi za otomatiki za kawaida.

Anayeishi mjini na kusafiri Kisumu kwa lami haihitaji mashine hii yote. Haifupishi umbali wa kusimama unapokanyaga breki. Kwenye udongo mweusi wa nyanda za Kano, tairi za lami hujaa matope na yote manne yakateleza pamoja. Ukikazana na X-Trail hapo, klachi hupata moto na taa ya onyo huanza kuwaka na kuzima: simama, acha injini ingurume bila kukanyaga mafuta hadi taa itulie.

Na likiharibika njiani, liite lori la kulibeba zima. Kulivuta magurudumu mawili yakiwa chini kunaweza kuharibu klachi hiyo hiyo uliyokuwa ukiitunza.

Fundi wa magari,
Nakuru