Karanga wanazichambua vizuri, malipo ndiyo yametushinda

Ndugu Mhariri na wasomaji wenzetu,

Tunawaandikia kutoka Busia, upande wa Uganda. Sisi ni wazazi na wasaidizi wa kazi, yaani wanaokaa na kijana kazini na kumfundisha mpaka aweze peke yake. Tunawatafutia vijana wenye ulemavu wa akili, wenye usonji na wenye sindromu ya Down kazi za kawaida mjini, humo humo wanamofanya watu wengine. Kwa sasa kazi inayopatikana zaidi ni kuchambua karanga kwenye stoo, na vijana wanaiweza. Kinachotushinda ni malipo. Mtu anayefanya kazi safi lakini polepole alipwe kwa kipimo gani, na fedha hiyo ifanyiwe nini ili ibaki yake?

Tuanze na kazi yenyewe, maana asiyeijua hawezi kutushauri. Karanga zilizokobolewa huja zimechanganyika na zilizosinyaa, zenye ukungu, zilizotobolewa na wadudu, zilizogeuka rangi, na mawe. Hizo mbovu ndizo zinazobeba kwa wingi sumukuvu, yaani sumu ya ukungu (aflatoxin). Kiwango kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni maikrogramu 10 kwa kilo, na Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyo, wafanyabiashara wa mpakani walijifunza kwa gharama kubwa. Jicho halioni sumu yote, lakini mkono unaotoa mbovu moja moja hupunguza sehemu kubwa. Kwa hiyo kijana hapewi kazi hii ili apitishe siku. Ni kazi yenye thamani, na ndiyo maana suala la malipo linatuuma.

Kijana hukaa mbele ya sinia pana lililotandikwa kitambaa cheupe. Zinamwagwa konzi mbili tu kwa mara moja, zisipandane; ukilijaza sinia, atachambua za juu na kuzifunika za chini. Kushoto kuna kopo jekundu la mbovu, kulia beseni la nzuri, na vyombo hivyo havibadilishani upande hata siku moja. Mbele yake kunasimamishwa kipande cha boksi kilichobandikwa karanga za kweli kwa gundi: juu mbili nzuri, chini yake yenye ukungu, iliyosinyaa, yenye tundu, iliyogeuka rangi. Picha ya karatasi haifai kama karanga yenyewe, kwa sababu kijana huchukua iliyo mkononi akailinganisha na ile ya kwenye boksi. Boksi hilo libadilishwe kila baada ya wiki mbili. Karanga zilizobandikwa huzeeka, rangi yake inakolea, na nzuri inaanza kufanana na mbovu. Kuna wakati kijana anaonekana ameharibu kazi kumbe amefuata boksi sawasawa.

Kufundisha tunaanzia mwisho. Msaidizi anachambua mpaka zibaki mbovu tano kwenye sinia, kijana anamalizia hizo tano na kumimina nzuri kwenye beseni kwa mkono wake mwenyewe. Anaionja kazi iliyokamilika tangu siku ya kwanza. Kisha zinabaki kumi, kisha sinia zima. Akikwama, msaidizi anahesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kufanya lolote, kisha anaonyesha kwa kidole, kisha anatoa moja ili kijana aone. Kumshika mkono ni hatua ya mwisho kabisa, na kwa ridhaa yake. Maneno yawe machache, na yawe yale yale. Kwenye stoo zetu Kiswahili, Kisamia na Kiganda vinazungumzwa kwa pamoja, na kijana akiambiwa jambo moja kwa lugha tatu anasikia mambo matatu. Chagueni neno moja, mfano "toa", na stoo nzima ilitumie.

Msaidizi haondoki kwa kufuata kalenda. Kila jioni zinahesabiwa karanga 100 kutoka beseni la nzuri. Mbovu zisipozidi mbili kwa siku tatu mfululizo, msaidizi anasogea hatua kadhaa nyuma. Zikiendelea hivyo anahamia mlangoni, halafu anakuja asubuhi na jioni tu, halafu mara moja kwa wiki. Kosa la kawaida ni tajiri, yaani mwenye stoo, kumzoea msaidizi na kumpa yeye maagizo yote. Siku msaidizi asipokuja, kijana anakuwa kama hayupo. Dawa yake ni kumjibu tajiri tangu siku ya kwanza, kwa adabu, "Mwambie mwenyewe, anasikia." Kosa la pili ni la msimu. Karanga zikiisha, stoo inahamia maharage, na ghafla watu wanasema kijana amesahau kazi. Hajasahau, maharage hajafundishwa. Hapo linahitajika boksi jipya na msaidizi arudi kwa wiki moja.

Jambo jingine la kuangalia ni kifafa, ambacho wengi wenye ulemavu wa akili wanacho pia. Kiti kiwe mbali na mkanda wa mashine na mbali na magunia yaliyopangwa juu juu. Wenzake wajue kumlaza ubavu, kuondoa vitu vya kumuumiza, kutomtia kitu chochote mdomoni, na kutazama saa: degedege likipita dakika tano, apelekwe hospitali.

Sasa malipo. Stoo nyingi hulipa kwa kilo. Tuchukue mfano wa shilingi 200 za Uganda kwa kilo. Mzoefu akichambua kilo 40 anaondoka na 8,000. Kijana akichambua kilo 18 anapata 3,600. Boda boda ya kwenda na kurudi ikiwa 2,000, inabaki 1,600, na bado hajala mchana. Tukimhimiza aongeze kasi, kinachoharibika kwanza ni usafi wa kazi, yaani kile kile kinachomfanya ahitajike. Kwa upande mwingine, tukimwomba tajiri alipe kwa siku, anakubali kwa moyo mweupe, na kuanzia mwezi wa pili kijana anaambiwa "leo hakuna kazi" siku ambazo wengine wameitwa. Hatusemi tajiri huyo ni mbaya. Hesabu yake haikai sawa, na anaona haya kutuambia.

Kuna malipo mawili tunayoyakataa moja kwa moja. La kwanza ni kulipwa kwa karanga zilizotupwa. Kibarua anapewa kopo la mbovu aende nalo nyumbani, zinasagwa, zinakuwa mchuzi wa watoto. Sumu yote iliyotolewa kwenye gunia imekusanywa humo humo, na kupika hakuiondoi. Mbovu zichomwe au zifukiwe, asipewe mtu wala kuku. La pili ni "mafunzo" yasiyo na mwisho, ambapo kijana anatimiza miezi minane "akijifunza" huku anachambua kama wenzake. Sisi tunaandika kwenye karatasi, mbele ya mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa: mafunzo ni wiki sita, nauli na chakula cha mchana vikiwemo, baada ya hapo ni mshahara.

Sheria tunazo. Katiba, ibara ya 40, inataka malipo sawa kwa kazi iliyo sawa. Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na ibara yake ya 27 inahusu kazi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 inakataza ubaguzi kwenye ajira. Tatizo ni kwamba kima cha chini cha mshahara nchini ni kile cha mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, kwa hiyo ukikaa na tajiri kujadiliana huna namba ya kisheria ya kushikilia. Kodi nayo: mwajiri ambaye asilimia 5 ya wafanyakazi wake wa kudumu ni watu wenye ulemavu anapunguziwa asilimia 2 ya kodi ya mapato. Mwenye wafanyakazi 20 anahitaji mmoja tu. Lakini stoo zetu zinaendeshwa na vibarua wa kutwa, wa kudumu ni mwenye mizani na mlinzi, hivyo nafuu hiyo inatupita.

Njia tunayoielekea ni mchambuo wa pili. Wazoefu wapitishe mara ya kwanza kwa kasi yao, kijana apitishe mara ya mwisho. Mbovu zinakuwa zimebaki chache, sinia linakwenda haraka zaidi, na jicho lake lisilochoka kutazama kitu kimoja linapata mahali pake. Juu ya hapo anaongezewa kazi ndogo ndogo ambazo wengine wanaziacha viporo: kukunja magunia matupu, kushona midomo ya yaliyojaa, kubandika lebo, kufagia. Fungu zima linalipwa kwa siku. Ili tajiri aone faida, kwa siku kumi tunahesabu karanga 100 za kila gunia kabla ya mchambuo wa pili na baada yake, na anaandika kwenye daftari kwa mkono wake mwenyewe.

Tajiri anayewauzia watengenezaji wa siagi ya karanga akiona namba hizo anaelewa mara moja, maana gunia chafu hurudishwa. Anayeuza kwa vipimo sokoni haelewi, na tunaona ana sababu: mteja wake halipi zaidi kwa usafi. Hapa ndipo tulipokwama, na stoo za aina hii ya pili ndizo nyingi.

Wapo wanaotushauri tuachane na stoo, vijana wakope kupitia Mpango wa Maendeleo ya Parishi, ambao wengi tunauita PDM, wanunue karanga zao wenyewe. Kila parishi inatengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka, kaya inakopa hadi milioni moja, na asilimia 10 ni fungu la watu wenye ulemavu. Hatuupuuzi ushauri huo. Hofu yetu ni mbili. Mkopo unataka kitambulisho cha taifa na mkopaji anayeelewa anachokitia saini, na asipoeleweshwa taratibu, jina linakuwa la kijana na fedha zinakuwa za kaka yake. Tena kikundi cha vijana wenye ulemavu peke yao, chumbani kwao, kinawarudisha kwenye upweke tuliotaka kuwatoa. Kwenye stoo wanasalimiwa, wanataniwa, wanajua nani amefiwa na nani ameoa.

Kuhusu fedha kubaki yake, tunayoyafanya ni haya. Analipwa jioni, mkononi mwake, kwa noti za 1,000, kwa sababu noti nne kwake ni nne lakini noti moja ya 5,000 ni karatasi moja. Hatupendi malipo kwa simu mpaka ajifunze kuilinda namba yake ya siri. Mara nyingi nyumba nzima inaijua, na kutoa kuna tozo ya asilimia 0.5 juu ya makato ya wakala. Ana makopo matatu yenye picha: pikipiki ni nauli, sahani ni chakula, kufuli ni akiba. Kopo la kufuli linapelekwa kila wiki kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, kile chenye sanduku la makufuli matatu. Daftari la mwanachama linapigwa muhuri kwa kila hisa, na asiyejua kusoma anaiona mihuri ikiongezeka. Wapo wanaolifungua daftari hilo kila jioni na kuihesabu kwa kidole.

Mchango wa nyumbani tunaujadili na familia mapema, kiwango kijulikane. Tunajua hali za nyumba zetu, na kijana kuchangia unga ni heshima yake. Ila fedha yote ikiishia kwenye unga na chumvi, baada ya mwezi mmoja hataki kuamka asubuhi, na watu wanamwita mvivu.

Basi tunaomba msaada wenu. Wenye stoo, viwanda vidogo au maduka ya nafaka: mnawezaje kulipia usafi wa kazi pale mteja asipoulipia? Kuna mahali mmelipa kwa gunia lililopita ukaguzi badala ya kwa kilo, na kiwango mlikipangaje? Wenzetu wasaidizi wa kazi wa Kenya na Tanzania: kijana akifanya nusu ya kasi ya wenzake, mnakubali nusu ya malipo, au mnalifunga fungu la kazi kwa siku kama sisi? Mkifunga fungu, mnazuiaje "leo hakuna kazi"? Na wazazi: mlikubaliana vipi nyumbani juu ya mchango, hasa pale ndugu wengine hawana kazi na huyu tu ndiye anayeingiza fedha?

Tuandikieni kwa namba, kilo ngapi, shilingi ngapi, siku ngapi kwa wiki, hata kama mlishindwa. Karanga za msimu wa kwanza zinaanza kuingia stoo Julai, na kabla ya hapo lazima tukae tena na matajiri wawili waliokuwa tayari kutusikiliza.

Wazazi na wasaidizi wa kazi,
Busia, Uganda