Malalamiko: mashine ya mtama yenye machekeche ya mahindi na mota zisizo za umeme wetu

Kwa: Meneja Mkuu, na Mkuu wa Idara ya Huduma kwa Wateja
Kutoka: Kamati ya Mashine, kikundi cha wakulima wa mtama, Kibaigwa, Wilaya ya Kongwa, Dodoma

YAH: MASHINE YA KUSAFISHA NA KUPANGA NAFAKA MLIYOTUUZIA

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tunatanguliza salamu, maana ndivyo tulivyolelewa. Masharti ya mauzo na dhamana mliyaandika wenyewe na mnayajua kuliko sisi, hivyo hatutayanakili humu.

Tuanze na lililotuuma. Siku fundi wenu alipokuja kukabidhi mashine, magunia yakiwa yamepangwa na mnunuzi akiwa na lori lake hapo nje, mtama uliomiminwa kwenye hopa, yaani kikapu cha juu cha kulishia nafaka, ulitokea kwenye mdomo wa uchafu badala ya mdomo wa nafaka safi. Bibi mmoja, mwanachama wetu, akauliza kwa adabu kama matundu ya chekeche la chini hayajawa makubwa mno kwa mtama. Fundi alicheka. Akachota konzi ya mtama kwenye gunia, akaumwaga sakafuni mbele ya mnunuzi, akasema: "Mashine haina shida, shida ni takataka zenu. Bibi, wewe kapepete na ungo wako, mashine tuachie wenyewe." Mnunuzi alisikia kila neno. Lori liliondoka tupu.

Sasa tuwaambie bibi alikuwa anauliza nini, kwa sababu inaelekea ofisini kwenu hakuna aliyejisumbua kuuliza.

Chekeche la juu lililokuja na mashine lina matundu ya duara ya milimita 13, na la chini milimita 5. Hayo ni machekeche ya mahindi. Mtama wa aina ya Macia tunaoulima huku, punje yake ni kama milimita 4 kwa upana. Kwa hiyo mtama wote unapenya chekeche la juu, ukifuatana na vipande vya mabua, halafu unapenya la chini pamoja na mchanga. Kinachobaki juu ya chekeche la chini na kwenda kwenye mdomo wa nafaka safi ni vipande vya masuke ambavyo havikupukuchuka. Mashine inafanya kinyume cha kazi yake, tena kwa bidii. Kwa mtama, chekeche la juu lilipaswa kuwa na matundu ya milimita 5.5 hivi ili punje ipite na masuke yabaki, na la chini milimita 2 ili punje nzima ibaki na mchanga, vumbi, punje zilizovunjika na mbegu za kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mtama, zianguke. Profoma yenu, yaani ankara ya awali, imeandika "mtama, uwele, alizeti". Punje ya uwele ni ndogo kuliko ya mtama, kwa hiyo inahitaji seti yake, na alizeti inahitaji matundu marefu, si ya duara. Hatukupewa hata seti moja ya hizo. Na chini ya machekeche, kwenye vyumba vinavyopaswa kuwa na mipira ya raba ya kugonga wavu ili matundu yasizibe, nusu ya vyumba ni vitupu.

Fundi wenu alitatuaje? Alikata kipande cha bati, akakilaza juu ya chekeche la chini ili mtama usianguke. Ni kweli haukuanguka. Mchanga nao haukuanguka. Huku mtama mwingi hupurwa kwa fimbo juu ya ardhi, na mchanga ndio uchafu wa kwanza anaoutafuta mnunuzi. Hata kuung'ata hahitaji, anausikia kwenye kiganja. Mkiziba chekeche la chini mmeondoa sababu ya watu kununua mashine.

Hilo la machekeche lingeweza kusameheka, maana mtu wa stoo anaweza kupakia seti isiyo yake. La mota halisameheki.

Someni kibati kilichopigiliwa kwenye mota zote mbili, ya feni na ya kutikisa: volti 380, herzi 60 (mapigo ya umeme kwa sekunde), mizunguko 1,750 kwa dakika. Umeme wa fezi tatu nchini ni volti 400, herzi 50. Mwendo wa mota hufuata herzi, hivyo mota hiyo ikiwashwa Kibaigwa inazunguka kama 1,450, yaani imepoteza karibu asilimia 17 ya mwendo wake. Kiasi cha hewa ya feni hupungua kwa kadiri hiyo hiyo, lakini msukumo wa hewa hupungua kwa mraba: zidisha 0.83 kwa 0.83 upate 0.69. Karibu theluthi moja ya msukumo imetoweka kabla punje ya kwanza haijaingia. Makapi makavu bado yanaruka, ila yale maganda yanayong'ang'ania punje hayainuki tena, yanashuka na nafaka. Machekeche nayo yanatikisika polepole kwa kiwango hicho hicho, tabaka la nafaka linakuwa nene, na uchafu mwepesi unakosa nafasi ya kupanda juu ili hewa iuchukue.

Fundi alijibu kwa kukaba mlango wa hopa hadi mtama ukawa unadondoka kama bomba lililokatiwa maji. Hapo ndipo ukaanza kutoka na nafuu kidogo, kwa sababu hewa dhaifu ikipewa nafaka kidogo inajitahidi. Tulipopima kwa mizani tulipata tani 1.2 kwa saa. Kipeperushi chenu kinasema tani 5. Tunajua, na nyinyi mnajua, kwamba tani hizo 5 huhesabiwa kwa ngano au mahindi na kwamba mtama haufiki huko. Lakini kutoka 5 hadi 1.2 si tofauti ya zao.

Joto sasa. Volti 380 kwa herzi 60 ni volti 6.3 kwa kila herzi. Volti 400 kwa herzi 50 ni 8. Hiyo ni ziada inayopita robo, chuma cha mota kinashiba sumaku, na mkondo unapanda hata mashine ikizunguka bila mzigo. Baada ya nusu saa huwezi kuweka kiganja juu ya mota, na harufu ya vanishi ya koili inajaa ghala. Ovalodi, kifaa cha kukata umeme mota ikizidiwa, ikawa inakata, kama ilivyoundwa kufanya. Fundi wenu akaipandisha ovalodi hadi mwisho ili isikate! Mkuu wa Huduma, tunaomba uisome sentensi hiyo tena. Alikuta kifaa cha kulinda mota kinafanya kazi, akakinyamazisha, akatia saini kwamba mashine imekabidhiwa ikiwa nzima. Mota ya feni imeshaungua. Dawati lenu lilituambia kwa simu kwamba kuungua kwa mota ni "uzembe wa mtumiaji" na hakumo kwenye dhamana.

Kabla ya hapo feni yenyewe ilikuwa inazunguka kinyume. Feni ya aina hii ikigeuzwa bado hutoa hewa upande ule ule, ila kidogo, ndiyo maana asiyetazama mshale uliochorwa kwenye gamba lake hawezi kugundua. Fundi hakutazama. Tulizima umeme, tukabadilisha nafasi za waya mbili kati ya zile tatu za fezi, na hilo likaisha. Hatukuwatoza.

Turudi kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, viwanja vya Nzuguni, Dodoma, ambako mashine hii iling'ara kweli. Pale mliiendesha kwa jenereta yenu wenyewe, kwa mahindi yaliyotoka kwenye magunia yaliyoshonwa vizuri. Jenereta ile ilikuwa imewekwa herzi ngapi? Jibuni kwa maandishi. Na ofisa mauzo wenu alitangaza kwa kipaza sauti kwamba inatoa "mawe yote". Mashine ya machekeche na hewa haitoi mawe yote, na mtu anayeiuza anapaswa kulijua hilo kuliko anayeinunua. Chekeche linatenganisha kwa ukubwa, hewa kwa wepesi. Changarawe iliyo na ukubwa wa punje inapita kote pamoja na punje. Kuitoa kunahitaji mashine nyingine, ile yenye meza iliyoinama inayotikiswa huku hewa ikipulizwa kutoka chini, nafaka ikielea na jiwe likipanda mteremko. Mnayo dukani, tumeiona, na bei yake mmeiandika kwa kalamu nene. Kwa nini hamkutuambia tunahitaji zote mbili?

Na bado hatujamaliza la siku ile, maana mmeandika kwenye ujumbe wenu kwamba fundi "alielimisha wateja". Aliyeelimisha alikuwa bibi. Hakupiga kelele. Alipoona swali lake halijibiwi, aliokota punje moja ya mtama, akaishika kwa vidole viwili juu ya tundu la chekeche lililokuwa limeegemezwa ukutani, akaiachia. Ikapita bila kugusa ukingo. Akaokota nyingine, ikapita. Akamtazama fundi, akasubiri. Mtu mwenye akili zake angechukua rula. Fundi wenu, kijana ambaye anaweza kuwa mjukuu wake, ndipo akacheka, ndipo akachota konzi ya mtama wa mtu ambaye ameulima, ameulinda na ndege na kuupura, akaumwaga sakafuni na kuuita takataka mbele ya mnunuzi. "Kapepete na ungo wako." Kisha akaukanyaga akienda kuchukua bati. Hilo la kuukanyaga hatukulisema mwanzo wa barua kwa sababu tulitaka kuwa waungwana.

Tulichowaomba kwa simu mwezi Juni kilikuwa kidogo: seti ya machekeche ya mtama na ya uwele, mipira ya raba iliyopungua, mota mbili za volti 400 herzi 50, na puli, yaani gurudumu la mkanda. Tuliwafanyia hadi hesabu. Mkileta mota ya herzi 50 peke yake mtaondoa joto tu, mwendo wa feni utabaki chini. Puli ya mota iliyopo ni ya milimita 125. 125 mara 1,750 gawanya kwa 1,450 ni 151, kwa hiyo puli ya milimita 150 ndiyo inayofaa, pamoja na mkanda mrefu zaidi kwa sentimita 4 hivi, au mota isogezwe kwenye reli zake. Upande wa kutikisa hesabu ni hiyo hiyo. Kazi ya siku moja kwa fundi anayesoma vibati.

Hayo yalikuwa madai ya Juni. Msimu wa kuuza hausubiri dawati lenu lipokee simu, na mtama uliorudishwa na mnunuzi umeuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Kwa hiyo sasa tunadai hayo yote, yaletwe na fundi mwingine, pamoja na fidia ya tofauti ya bei kwa kila kilo iliyorudishwa. Stakabadhi za mizani tunazo. Tunadai pia fundi yule aje amwombe radhi bibi mbele ya watu wale wale.

Kusema kweli, tukiandika hivi tunajiuliza kwa nini tuendelee kuhangaika na mashine iliyoundwa kwa umeme wa nchi nyingine. Basi soma hivi: chukueni mashine yenu, kwa gari lenu, na mturudishie fedha yote iliyo kwenye risiti ya EFD, pamoja na hiyo fidia na gharama ya kuivuta laini ya fezi tatu. Mnazo siku 14 tangu mpokee barua hii. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kifae kwa kazi ambayo mnunuzi alimjulisha muuzaji, na kazi hiyo mliiandika nyinyi wenyewe kwenye profoma. Siku zikipita, jalada linakwenda Tume ya Ushindani (FCC) na kwa wakili, na tutaomba CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo kilichopo Arusha, waipime mashine hii na ile iliyobaki dukani kwenu. Mota iliyoungua tumeifungia stoo na kibati chake, hatuigusi.

Na kama hamjaichukua, Nane Nane ijayo mashine hii itapakiwa kwenye lori hadi Nzuguni, iwekwe jirani kabisa na banda lenu, iunganishwe na umeme wa kawaida, na kila mkulima apite aone mtama unatokea mdomo gani. Jibu tunalitaka kwa maandishi, si kwa simu.

Wenu katika biashara, kwa sasa,

Katibu, Kamati ya Mashine
Kibaigwa

Nakala: Ofisa Ushirika wa Wilaya, Ofisa Kilimo wa Wilaya, jalada.